Uji Uliopata Alama Zote

Kama mtaani pale kulikuwa na mtu asiyejua kwamba Kijiko anasoma chuo kikuu, basi huyo alihamia jana, na hata yeye angeambiwa kabla hajashusha kitanda. Shangazi yake Kijiko alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, imeelekea barabarani, na hakuna aliyepita pale akasalimika. Umekuja kupunguza suruali? Utasubiri, na ukisubiri utasikia habari za chuo. Umekuja kudai gauni lako lililokuwa liwe tayari wiki iliyopita? Wewe ndiwe kabisa, utasikia habari za chuo mpaka usahau kilichokuleta. Watu walimwita Fundi, walimpenda, na wakimwona anaweka mkasi chini walianza kutafuta njia ya kuaga.

Kijiko hakuwa wa kumzaa. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, na Shangazi alimchukua angali mdogo wa kubebwa, akamlea kwa sindano na uzi. Jina la Kijiko alipewa na mtaa, kwa sababu tangu ajue kutembea hakuna jiko aliloliacha bila kuonja. Anaingia, anaonja, anatoka, anatangaza: "Kwa mama wa mkaa leo maharage yameshika chini!" Lo! Alifinywa, akafinywa tena. Mtaani pale chakula cha mtu hakisemwi. Kikiwa na mchanga unatafuna polepole, kikiwa na chumvi ya kuua unakunywa maji, ukimaliza unasema ahsante, kizuri, Mungu akuongezee. Ndivyo watu walivyolelewa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Basi mtoto huyo mwenye ulimi usiotulia, alipofaulu na kupata nafasi ya chuo, akachagua kusomea chakula. Si udaktari, si uhasibu. Chakula! Siku habari ilipofika, kinyozi wa ng'ambo ya barabara alicheka mpaka akazima mashine, mteja akabaki na kichwa kilichonyolewa nusu.

"Yaani Fundi, wamejenga ghorofa zote zile ili watu wafundishwe kula? Mimi nimesomea hapahapa bure, na nimefaulu. Tazama!" Akajipiga tumbo.

Shangazi hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani. "Wewe unakula tu, kaka yangu. Mwenzako anasomea kwa nini wewe unawekewa finyango kubwa na watoto wako wanalamba mchuzi. Akimaliza atakuja kukueleza."

Kinyozi akarudi kwa mteja wake. Tangu siku hiyo Shangazi alijifunza jina la idara lote, Idara ya Chakula na Utamaduni wa Ulaji, na kila akilitaja alilitaja zima, hata kama mtu ameuliza saa tu. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe siku za mwanzo alijifungia ndani akalia. Alitaka daktari. Lakini likizo moja Kijiko alikaa naye jikoni, akamweleza kwamba kuna watu wanaandika vitabu vizima kuhusu nani anapakua na nani anapakuliwa, na Shangazi, aliyekuwa amepakua maisha yake yote, akaacha mwiko hewani akasikiliza. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu chuo.

Mwaka wa mwisho Kijiko alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Alitengeneza unga wa uji kwa ajili ya watoto waliodhoofika: mtama uliokaangwa kidogo kwanza, kwa namna aliyoiona kwa Shangazi, ukachanganywa na mbegu za maboga. Sasa alihitaji waonjaji. Wasiwe wanafunzi, wawe watu wa kawaida wenye midomo ya kawaida, waonje na watoe alama kuanzia moja mpaka tano.

"Waonjaji?" Shangazi aliuliza. "Na hilo ndilo linakukondesha? Mwanangu, niachie mimi."

Siku yenyewe gari la chuo lilikuja kuwachukua. Mtaa ulikuwa umevaa! Kinyozi alitia suti aliyofungia ndoa, na kifungo cha tumboni kilikuwa kinamwomba Mungu. Mama wa mkaa, ambaye huuza mkaa pale kona na mikono yake haijawahi kutakata hata kwenye misiba, alijisugua mpaka kucha zikang'aa. Kijiko alikuwa ametangulia chuoni kupika, na hapo ndipo Shangazi alipopata upenyo. Gari lilipoanza tu kwenda, alisimama katikati ya viti.

"Nisikilizeni," alisema. "Mnakwenda kuonja, si kula, kwa hiyo mtu asiniaibishe kwa kuomba kuongezwa. Na hizo alama, mimi sitaki kusikia mbili wala tatu. Ni tano, kila kikombe, mwanzo mpaka mwisho. Atakayemwangusha mtoto wangu, nguo ya sikukuu akatafute fundi mwingine."

"Fundi nawe!" alisema mama wa mkaa. "Kwani sisi ni watu wa kusema chakula cha mtu?"

"Nakumbusha tu." Akakaa, roho kwatu.

Chumba cha kuonjea kilikuwa cheupe chote, kina meza ndefu iliyogawanywa kwa mbao, kila mtu na kibanda chake asimwone jirani. Mbele ya kila kibanda kulikuwa na kidirisha. Kidirisha kinafunguka, mkono unatokea na kikombe chenye nambari tu, kidirisha kinafungwa. Pembeni kuna maji ya kusukutua, karatasi ya alama na kalamu.

"Jamani," sauti ya mama wa mkaa ilisikika kutoka kibanda cha pili, "hapa ni kuonja au kuungama?"

Kikombe cha kwanza kilikuwa kizuri. Cha pili kilikuwa uji wa kawaida, wa dukani. Cha tatu kilipopita kidirishani, Shangazi hakuhitaji hata kukifikisha mdomoni. Kilikuwa kimeungua. Si kuungua kidogo kwa kusahaulika, kimeungua kwa dhati, harufu yake inakwaruza pua. Moyo ukamlipuka. Mtoto ameunguza! Siku ya siku, mbele ya walimu wake, mtoto kaunguza uji! Masikini, ni hofu tu hiyo, hakulala vizuri. Shangazi akakishika kile kikombe kwa mikono miwili, akakinywa chote, akakwangua na chini, akaandika tano kubwa, kisha akakohoa kwa nguvu ili wenzake wajue kwamba Fundi yuko macho.

Walijua. Kinyozi alisikika akisema kwa sauti ya mtu anayehutubia, "Hiki cha tatu sasa, ah! Hiki ndicho chenyewe!" Mama wa mkaa akaguna kwa utamu. Hakuna aliyebakiza hata tone, na njiani kurudi watu walisukutua midomo kwa maji ya chupa kimyakimya, kila mmoja anatazama dirisha lake. Shangazi alijaa. Aliwatazama mmoja mmoja akaona hana ndugu duniani zaidi ya hawa.

Kijiko alirudi nyumbani siku mbili tatu baadaye, uso umemshuka. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni bila kuvua viatu.

"Shangazi, wote wametoa tano. Kila kikombe."

"Si ndiyo vizuri?"

"Kile cha tatu nilikiunguza makusudi." Kijiko alikuwa anatazama sakafu. "Ndivyo tunavyofanya. Unaweka kimoja kibaya ili ujue kama waonjaji wanasema kweli. Wakikipa alama mbaya, unajua wako makini. Sasa wangu wamekipa tano wote, na mmoja ameandika pembeni, 'Huu usibadilishwe kamwe.' Dokta amesema alama hizi hazisemi kitu chochote, siwezi kuziandikia hata ukurasa."

Dokta ndiye mhadhiri aliyemsimamia, mama mmoja mfupi mwenye maneno machache.

"Kwa hiyo?" Shangazi aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Kwa hiyo nisipopata cha kuwasilisha mwisho wa muhula, narudia mwaka. Na ufadhili wangu haumngoji anayerudia. Nikianguka hapo, ndiyo basi."

Loo, jamani. Shangazi alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa. Lakini alipoutazama ule uso, na akafikiria kumwambia mtoto kwamba aliyekuangusha ni mimi, aliyekulea, kwa domo langu, maneno yakakwama. Akageukia sufuria, akaanza kukoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Kijiko akauliza, kama mtu anayejisemesha, "Shangazi, ukipewa chakula kibaya unasemaje?"

"Nasema ahsante."

"Na kikiwa kizuri?"

"Nasema ahsante. Kwani vipi?"

"Sasa mpishi atajuaje?"

"Ajue nini? Mtu amesimama motoni kwa ajili yako, wewe umtie alama? Kwani nimeulizwa chakula hapo? Nimeulizwa yeye." Shangazi alikuwa anajibu tu, akili yake iko kwenye dhambi yake. "Mtu akinipa chakula ananiuliza, je, mimi na wewe tuko sawa? Namjibu, tuko sawa. Basi."

Kijiko aliinua kichwa taratibu. Halafu akasimama, akambusu Shangazi shavuni, akatoka mbio na viatu vyake ambavyo hakuwa amevivua, akarudi chuoni bila hata kula.

Wiki zilizofuata hakuonekana nyumbani. Alikuwa kutwa njiani na mwenzake mmoja wa darasani, kijana mrefu aliyeishi ng'ambo ya reli. Kwenye simu alisema tu kwamba amepata njia, Dokta amekubali, na Shangazi asiulize zaidi kwa sasa. Shangazi hakuuliza. Alijiambia kwamba mtoto ameshapata njia, ya nini kumchanganya na habari za kwenye gari? Akajitia hamnazo, akashona. Lakini hata wateja waliona. Kulikuwa na watu waliokuja kuchukua nguo wakaondoka bila kusikia neno moja la chuo, wakaenda kuulizana kama Fundi anaumwa.

Halafu siku moja yule kijana mrefu alikuja mtaani na chupa kubwa za chai zimejaa uji. Alisema kuna kampuni moja mpya inataka maoni ya watu kuhusu uji wake, tafadhali waonje na watoe alama zilezile, moja mpaka tano. Kijiko hakuwepo. Watu wakakusanyika barazani kwa Shangazi, wakapewa vikombe na karatasi. Safari hii Shangazi hakumwambia mtu kitu. Alikuwa ameshika adabu, na isitoshe, kampuni ni ya nani yake?

Weee! Uji ule ulitukanwa. Kinyozi alionja, akatazama ndani ya kikombe, akasema hii gundi angeweza kubandikia picha za mitindo ya nywele ukutani. Mama wa mkaa alisema ukimpa mtoto huu, ujiandae kukesha. Mwingine alimwaga wake mtaroni bila hata kujificha. Na Shangazi, ambaye moyo wake wiki zile ulikuwa umejaa nyongo isiyo na pa kwenda, alimalizia yote pale. Alikunywa funda moja, akaliviringisha mdomoni, akameza kwa taabu.

"Andika hivi, mwanangu," alimwambia yule kijana. "Uji huu umepikwa na mtu asiye na mama."

Kijana akaandika. Akashukuru, akakusanya vikombe, akaondoka ameuma midomo, na hakuna aliyejua kwamba anazuia kicheko.

Siku ya kuwasilisha utafiti watu waliruhusiwa kuhudhuria, na Kijiko aliwaalika wote. Wakaja. Ukumbi ulikuwa na viti vya kukunja vilivyopandiana kwenda juu, na watu wa mtaani walikaa safu moja, wamebanana, kinyozi na suti yake ileile. Shangazi alikuwa amejishonea gauni jipya. Mbele, kwenye meza, alikaa Dokta na wenzake wawili, na pembeni yao mtahini aliyetoka chuo kingine, mzee mwembamba mwenye sauti ya upole. Shangazi alimtazama mara moja akamwogopa. Wenye sauti za upole ndio hao.

Kijiko akasimama mbele ya ukuta ule mweupe unaoonyesha picha. Ewe Mola! Kitoto kilichokuwa kinafinywa kwa kusema maharage yameungua, leo kimesimama, watu wazima wenye shahada zao wamekaa kukisikiliza. Alisema bila kutetemeka. Alisema alianza na unga, akaishia kwa watu. Alisema aliwapa watu wa mtaa wake uji ulioungua, wakijua umepikwa na yeye, mtoto wao, wakaupa alama zote. Kisha akawapelekea watu walewale uji mzuri, ule wake bora, uleule wa kikombe cha kwanza, wakiambiwa ni wa kampuni. Wakaupa moja na mbili.

Safu ya mtaani ikapigwa na butwaa. Kinyozi akageuka polepole kumtazama mama wa mkaa.

"Naomba radhi kwenu kwa kuwaficha," Kijiko aliwaambia, "lakini ningewaambia, msingekuwa nyinyi." Kisha akawasomea wale wa mezani baadhi ya maoni: gundi, kukesha, na la mwisho. "Mshiriki mmoja, ambaye mtama ule ulikaangwa kwa njia aliyonifundisha yeye mwenyewe, alisema, 'Uji huu umepikwa na mtu asiye na mama.'"

Ukumbi uliangua kicheko. Hata yule mzee mwembamba alitoa leso. Shangazi alicheka mpaka machozi, akawaambia wa mbele yake, "Ni mimi huyo! Mimi!" Alikuwa amevimba kwa fahari hadi mishono ya gauni jipya ikalalamika. Na katikati ya kicheko hicho ndipo alipomsikia Kijiko akihitimisha: kwamba watu hawa hawakudanganya. Kwamba kwao chakula hakitiwi alama, anayetiwa alama ni mpishi. Na kwamba yeyote anayetaka kujua kama lishe aliyowaletea inalika, awaulize kwa namna nyingine, la sivyo watamjibu kwa adabu na watoto watabaki na njaa.

Watu wakapiga makofi. Mtahini akakunja leso, akasubiri yaishe.

"Kazi nzuri sana," alisema. "Nina swali moja. Hao waonjaji wa kwanza walitoka mtaa mmoja, wakaja kwa gari moja. Je, hawakuambiwa na mtu watoe alama zote? Maana kama kuna aliyewaagiza, binti yangu, basi hukupima utamaduni. Umepima utii tu."

Kijiko alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Akatupa jicho kwenye safu ya mtaani, haraka sana, akalirudisha.

Shangazi aliliona. Yametimia, alijisemea. Mtoto hana jibu, na hawezi kuwa nalo, maana jibu ninalo mimi. Angeweza kunyamaza. Pale ukumbini hakuna ambaye angefungua mdomo kabla yake, hao wa mtaani wangekufa nalo. Kijiko angebabaisha kitu, huenda angepita. Angepita na uongo ndani yake ambao ameushona shangazi yake, na siku yoyote mahali popote mtu angeweza kuuvuta ule uzi. Na akisema je? Mwaka unakwenda, ufadhili unakwenda, na mtaa mzima unaona kwamba aliyempandisha mtoto huyu ndiye aliyemshusha.

Akasimama.

"Waliambiwa," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia. Ndani ya gari."

"Shangazi, kaa," Kijiko alisema kwa sauti ndogo.

"Sikai. Nimekaa nayo vya kutosha." Akashika kiti cha mbele. "Mzee wangu, mimi ni mshonaji, haya ya chuo siyajui. Nilidhani namsaidia mtoto. Niliwaambia kila kikombe watie tano, na asiyetia simshonei nguo. Na hata ule ulioungua nilikohoa makusudi ili wasinisahau. Yeye hakujua kitu. Kama kuna wa kurudia mwaka, nirudie mimi."

Hakuna aliyecheka. Mtahini alimtazama juu ya miwani.

"Mama, unajua kwamba hayo uliyosema yanaweza kumwangusha mwanao?"

"Najua. Ungeona miguu yangu."

"Fundi," kinyozi alinong'ona kutoka chini, "tungetia tano hata usingesema."

"Nyamaza wewe, huu si wakati wako."

Kijiko akashuka kutoka pale mbele hatua chache, akawageukia wale wa mezani. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa imara.

"Nilishuku tangu siku nilipoziona alama," alisema. "Watu wa mtaa wetu hawakubaliani hata nani atangulie bombani. Wakikubaliana wote kwa mara moja, ujue kuna aliyewashika masikio, na anayeshika watu masikio kwetu ni mmoja tu. Kwa hiyo nilianza upya. Nilikwenda ng'ambo ya reli, mtaa wa mwenzangu, wasikojua Shangazi ni nani. Mwenzangu akapika, watu wake wakaonja. Hawakuambiwa chochote na mtu yeyote. Mimi mwenyewe nilikuwa mlangoni tangu wa kwanza anaingia mpaka wa mwisho anatoka." Akabonyeza kitufe, na ukutani ikatokea picha nyingine, mistari miwili, mmoja wa kila mtaa, imelala karibu pamoja. "Kule nako ulioungua ulipewa alama za juu, ukiwa wa mtoto wao. Na ule mzuri, ulipoitwa wa kampuni, ulitupwa. Kuagizwa kuliongeza kidogo sana. Yaliyobaki yote ni yao wenyewe."

Shangazi alikuwa bado amesimama. Hakuelewa mistari, lakini alimwelewa Dokta, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anatabasamu.

"Haya yamo kwenye ripoti yako," mtahini alimwambia Kijiko. "Nimeyasoma. Lakini uliandika 'nashuku'. Nilipokuuliza sasa hivi, kwa nini ulinyamaza?"

Kijiko akainamisha macho. "Kwa sababu amekaa pale, na watu wake wote wako naye. Nilikuwa natafuta namna ya kujibu nisimtaje."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akachukua kalamu yake, akafungua ripoti, akatafuta mahali, akakata neno. "Basi sasa hushuku tena," alisema. "Umethibitishiwa."

Wale wa mezani waliwatoa nje wote ili wajadiliane. Kwenye korido Shangazi alijitenga na wenzake. Alisimama karibu na dirisha, anavuta uzi uliojitokeza kwenye mkono wa gauni lake, mpaka mama wa mkaa akaja akamshika ule mkono, akausimamisha. Kinyozi alikuwa anatembea huku na huku na suti yake, anawaeleza wanafunzi waliopita kwamba yeye ni mshiriki wa utafiti. Kisha mlango ukafunguka, na hawakuhitaji kuambiwa, maana Dokta, yule mama wa maneno machache, alitoka amemkumbatia Kijiko begani. Amefaulu, na kwa daraja la kwanza. Mama wa mkaa akapiga kigelegele kilichowatoa watu madarasani.

Mtahini alikuja nyuma yao, mkoba mkononi, yuko njiani kuondoka. Kijiko akamshika Shangazi mkono, akampeleka mbele yake, katikati ya walimu, wanafunzi na mtaa mzima.

"Mwalimu, naomba umjue vizuri," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Huyu ni Shangazi yangu. Amenilea. Na katika washiriki wangu wote, wa mitaa yote miwili, ndiye pekee aliyesema ukweli bila kuulizwa, na alidhani ukweli huo utamnyang'anya kila kitu. Hayo siyo niliyosomea hapa. Hayo nilikuja nayo."

Mzee mwembamba akaweka mkoba chini, akampa Shangazi mikono miwili.

"Sema kitu basi, Fundi," kinyozi alihimiza. "Leo tutakusikiliza mpaka kesho!"

Shangazi alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Yeye, aliyekuwa amewasimulia watu barabara nzima kuhusu mtoto huyu, hakuwahi hata siku moja kufikiria kwamba mtoto naye ana la kusimulia kumhusu. Akamtazama Kijiko. Akalia palepale, mbele ya watu wote, wala hakuinamisha kichwa.